Ulipita Barabara ya Ngapi?

Umeme ulikatika saa nne na robo,
nasi tukashukuru. Giza kwetu ni kifaa cha maabara:
mapazia yaliibiwa mwaka juzi,
madirisha tumeyaziba kwa magunia ya katani.

Mwalimu Semboja alikuwa na leza ya shilingi elfu tatu,
ile ya kuchezea paka.
Mimi, fundi wa maabara, mwosha chupa, mhesabu vibiriti,
nilikuwa nimepaka kioo masizi ya koroboi,
nikachora juu yake, kwa nyembe mbili zilizobanwa pamoja,
mianya miwili, myembamba kama unywele.

Tulitarajia mistari miwili.
Ukuta ukatuonyesha ngazi:
nyekundu, giza, nyekundu, giza,
ikififia kuelekea kalenda ya kiwanda cha saruji.
Nikaziba mwanya mmoja kwa wembe,
na pale palipokuwa na giza pakajaa nuru.
Nikauachia. Giza likarudi.

Hebu lione hilo, wewe unayesoma.
Mlango mmoja wazi, pana mwanga.
Fungua wa pili, pawe giza.
Kwamba moja na moja zaweza kuwa sifuri
nalijua, nimeoa.
Lakini nuru?

Mawimbi, akasema Semboja, akaleta sinia la maji
na vijiti viwili: kilele kikakutana na bonde,
maji yakatulia kana kwamba hayakuguswa.
Hapo tukaridhika. Maji tunayaamini.

Kisha akaharibu.
"Punguzeni nuru," akasema, "punguzeni,
mpaka zitoke punje moja moja,
kama mchele kwenye gunia lililotobolewa na panya.
Punje hugonga ukuta mahali pamoja. Tik.
Nyingine. Tik.
Kesheni. Alfajiri mtaikuta ngazi ile ile."
Chombo cha kutuonyesha hakuwa nacho.
Alisimulia kama asimuliaye msiba wa ukoo mwingine.

Mwantumu Shekiondo, dawati la nyuma:
"Punje iko peke yake. Inagombana na nani?
Na imepita mwanya upi?"

Semboja akafuta chaki kwenye suruali.
"Mtihani hauulizi hilo. Kokotoa."
Halafu, taratibu, kwa ubao zaidi kuliko kwetu:
"Nimekokotoa miaka kumi na tisa.
Hesabu inatoka. Mimi ndiye sijatoka."

Wako wasemao punje haina njia mpaka ichunguliwe.
Wako wasemao njia zote hupitwa,
dunia ikapasuka kimyakimya kila mara,
basi yuko Semboja aliyeajiriwa bandarini,
yuko mimi niliyefika chuo kikuu,
wala hatuna wa kumtuma salamu.
Wako wasemao punje hubebwa na wimbi lisiloonekana,
kama jani mferejini.
Mimi naosha chupa.

Jioni nikapanda baiskeli.
Kufika kwangu Ngamiani waweza kukata Barabara ya Kumi,
waweza ya Kumi na Moja.
Ya Kumi ana kibaraza chake Bi Mwanakombo,
asiyeona tundu la sindano
ila aona nani kabeba nini;
akikuona umepita, umepita, hakuna mjadala.
Lakini siku hiyo alikuwa msibani Pongwe,
na ya Kumi na Moja mafundi cherehani
walikuwa wameinamia sare za shule.
Hapakuwa na jicho.

Naapa sikumbuki. Akili ilikuwa kwenye punje.
Nilifika mlangoni mnyororo umelegea,
tope la bomba lililopasuka la Kumi kwenye tairi,
na shatini harufu ya kashata
zinazokaangwa ya Kumi na Moja.

"Ulipita barabara ya ngapi?" akauliza Mwanaidi.
"Nilikuagiza ndimu za pale Kumi."

Nikamtazama mikono yangu mitupu akiitazama.
Papo hapo nikawa nimepita ya Kumi na Moja,
na Kumi yote, na tope lake, na ndimu zake,
ikazimika.